Mtaro Huu ni wa Nani? Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa Yetu

Kwa Mkurugenzi wa Manispaa,
Mstahiki Meya,
na Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: MTARO, CHEMBA NA BARABARA YA MTAA WETU ULIO BONDENI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sentensi hiyo nimeipiga chapa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa kuwa kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya umma. Kwa jambo la nyumbani kwangu, naiandika mara ya nne. Barua tatu za kwanza nilizileta kwa mkono ofisini kwako, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, mahali ambapo maji hayafiki. Hii ya nne naisoma mbele za watu.

Jina la mtaa sitalitaja, wala la ofisa yeyote, wala la manispaa yenyewe. Wewe unayo yote kwenye jalada. Hatutafuti mtu wa kufukuzwa kazi, tunatafuta mwenye mtaro.

Kwa wasomaji wasiofika kwetu: mtaa uko bondeni, chini ya barabara kubwa ya lami. Barabara yetu ni ya vumbi, na upana wake unatosha magari mawili yakipishana kwa heshima. Kando yake upo mtaro wa mawe uliojengwa zamani, ambao sehemu kubwa umejaa mchanga hadi mdomoni na majani yameota juu yake kama shamba. Chini ya barabara kuna kalavati moja. Katikati ya barabara zipo chemba tatu za bomba la majitaka linalotoka kwenye majengo ya juu. Mbili kati ya hizo hazina mifuniko, maana mifuniko ya chuma iliondoka usiku mmoja kuelekea kwenye mizani ya vyuma chakavu. Vijana wamechomeka matawi ya mwarobaini humo ili mwendesha bodaboda asitumbukie. Ndiyo alama ya usalama barabarani tuliyo nayo.

Mvua ya nusu saa inatosha. Maji ya barabara ya juu yanashuka yote kwetu, yanakuta mtaro umejaa, yanapanda barabarani. Kalavati limeziba kwa mifuko na matairi, kwa hiyo yanatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni nyumba zetu. Chemba nazo zikishaingiwa na mchanga na maji ya mvua zinafumuka. Kuanzia hapo huwezi tena kutenganisha maji ya mvua na majitaka. Kuna maji tu, ya rangi moja, yanaingia kwa mlango wa mbele na kutokea jikoni. Wanafunzi wanavushwa kwa mkokoteni, kwa malipo. Wenye mikokoteni ndio watu pekee mtaani wanaoiombea mvua.

Sasa nieleze kwa nini nimekuja hadharani.

Baada ya barua ya kwanza niliitwa mapokezi nikaambiwa kwa mdomo: "Mzee, barabara si zetu tena." Nilijua. Mwaka 2017 serikali ilianzisha wakala wa kushughulikia barabara za vijijini na mijini, na halmashauri zikaacha kazi ile. Nikaenda ofisi ya barabara. Nilimkuta mhandisi kijana, mstaarabu sana, akanipa kiti na maji ya kunywa, akafungua ramani, akaiona barabara yetu. Akasema: barabara ni yetu kweli, lakini huo mtaro una taka ngumu na majitaka. Taka ni za manispaa, majitaka ni ya mamlaka ya maji. Nikiuzibua leo, kesho utajaa, na mkaguzi ataniuliza fedha ya barabara imezoaje kinyesi.

Nikaenda mamlaka ya maji. Huko nikaelezwa, tena kwa mchoro, kwamba bomba lao ni la majitaka peke yake, halikujengwa kubeba maji ya mvua, na chemba zinafumuka kwa sababu mtaro wa barabara umeziba na mafuriko yanaingia kwenye bomba. "Mtaro ukizibuliwa, chemba zitatulia. Na mtaro, mzee, ni wa barabara." Nilipotoka pale nilikaa kwenye benchi la nje nikacheka peke yangu, hadi askari wa getini akaja kuniuliza kama niko salama.

Kila mmoja wao alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Ningekuta mwongo mahali ningejua pa kulalamikia. Wazee walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo chetu sisi hakina hata mmoja anayekubali kuwa nahodha.

Hoja zetu ni hizi.

1. Barabara ilihamishwa, wajibu wa mji haukuhamishwa.

Ndugu Mkurugenzi, historia ya ofisi yako ina mitaro ndani yake. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, kazi zake zikapelekwa mikoani na wilayani kwa mpango ule wa Madaraka Mikoani. Miji ikabaki haina mwenyewe. Sisi tuliokuwa na akili zetu wakati huo tunakumbuka taka zisizozolewa, mifereji iliyoziba, mashimo barabarani, na kipindupindu kilichokuja ndani ya miaka hiyo hiyo. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya muda ya kurudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikaja sheria kamili, mojawapo ikiwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, ambayo hadi leo ndiyo inayokupa wewe kiti na Mstahiki Meya joho. Halmashauri za miji hazikurudi kwa sababu mtu alizikumbuka kwa mapenzi. Zilirudi kwa kuwa miji ilikuwa inanuka. Halmashauri ikiniambia leo kwamba mtaro haiuhusu, nabaki najiuliza ilirudi kufanya nini.

Katiba yenyewe, ibara ya 145 na 146, inasema vyombo hivi vipo ili madaraka yawafikie wananchi. Greda lilihamia kwa wakala, sawa. Lakini afisa afya bado ni wako. Sheria ndogo za usafi mnatunga ninyi na faini mnakusanya ninyi. Vibali vya ujenzi vinatoka kwako, mipango miji iko kwako. Ukimwacha Mkuu wa Wilaya, mtu ambaye akiita kikao wa barabara atakuja na wa maji atakuja ni wewe. Hatujakuomba ushike koleo. Tumekuomba, mara tatu, uite kikao.

2. Choo, gari na mtaro ni jambo moja.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pasipoeleweka na watu wa ofisini.

Bomba la majitaka linapita mbele ya milango yetu, lakini sehemu kubwa ya kaya za mtaa hazijaunganishwa nalo. Linatoka juu, linapita, linakwenda zake. Sisi tunatumia vyoo vya shimo na makaro, kama wakazi wengi wa miji ya nchi hii. Karo likijaa unaita gari la majitaka. Gari likifika pale kwenye kona ya juu, dereva anaitazama barabara, anatazama mashimo na chemba zilizo wazi, anageuza. Mpira wake haufiki nyumba za chini. Basi mwenye nyumba anabaki na njia mbili. Awaite vyura, wale vijana wanaoshuka shimoni usiku na ndoo, bila glavu, kwa ujira ambao ukiusikia utaona haya. Au asubiri mvua kubwa ya usiku akatapishe.

Kutapisha unakujua, Ndugu Mkurugenzi, ni kutoboa karo lielekee mtaroni mvua ikiwa inanyesha, ili maji yabebe kila kitu kwenda kwa jirani wa chini. Sheria ndogo zinakataza, na ni haki kukataza. Mimi mwenyewe niliwahi kutapisha, mwaka ambao gari liligeuza mara mbili nikiwa nimeshalipa nusu ya fedha. Naliandika hili kwa aibu. Nikilificha, barua hii itakuwa na ukweli sawa na yale madokezo ya "utekelezaji unaendelea" niliyoyaweka kwenye majalada kwa miaka yangu yote ya kazi.

Tazama sasa linavyozunguka. Barabara mbovu inalizuia gari. Gari lisipokuja, vyoo vinatapishwa. Vyoo vikitapishwa, mtaro unakuwa wa kinyesi. Mtaro ukiwa wa kinyesi, wenye barabara hawaugusi. Usipoguswa, maji yanapanda barabarani na kuichimba, na gari linazidi kutofika. Ofisi tatu mmegawana mzunguko huu, kila ofisi na kipande chake, na kipande cha kila ofisi kikitazamwa peke yake kwenye taarifa ya robo mwaka hakina kasoro.

Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi, tulihimizwa kunawa mikono na kuchemsha maji. Tulinawa, na bado tunanawa. Lakini mtoto anayecheza mbele ya nyumba yangu huchezea maji ambayo sabuni yake haijatengenezwa.

3. Mtaro mzuri wa juu ulioishia kwetu.

Kata iliyo juu yetu ilipata mradi wa kuboresha miundombinu. Siku ya jiwe la msingi tulikwenda nasi, kina mama wetu wakapiga vigelegele, maana tuliambiwa awamu ya pili ni yetu. Barabara ikanyanyuliwa, ikawekwa lami na taa, ikajengewa mtaro wa zege wa kuvutia, mtu mzima akisimama ndani unamfika kiunoni. Mkataba wa mkandarasi uliishia kwenye mpaka wa kata. Mtaro nao ukaishia papo hapo, umekatwa kama mkate. Mpaka wa kata umo kwenye ramani. Maji hayana ramani.

Zamani maji ya kule yalikuwa yakitawanyika, mengine yakizama kwenye viwanja vya wazi na bustani za mchicha. Sasa yanakusanywa yote, yanakimbizwa juu ya zege, na tunakabidhiwa sisi kwa mdomo mmoja. Miaka yote kabla ya mradi maji hayakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu. Baada ya mradi nimejenga kizingiti kipya mara mbili, kila mara kirefu kuliko cha kwanza, na wajukuu sasa wanaingia ndani kwa kuruka.

Fundi yeyote wa mitaro atakwambia kazi huanzia chini, kule maji yanakotakiwa kutokea, kisha ndipo mtu apande nayo juu. Huu ulianzia juu. Nani alipitisha mchoro ambao mwisho wake ni mlango wa bibi mmoja mjane? Hilo swali liko kwenye barua yangu ya pili, aya ya nne.

4. Ukuta wenye alama ya X.

Chini ya kalavati palikuwa na njia ya maji ya asili kuelekea mtoni. Leo pana ukuta wa tofali. Ofisa wako alikuja akachora X nyekundu, tukapumua. Rangi imefifia, ukuta umepigwa lipu juu yake. Kama mwenyewe ana kibali, tuonyeshwe. Kama hana, ile X ilikuwa ya nini?

5. Fedha.

Mwananchi wa bondeni analipa. Tangu 2023 kila mwezi nikinunua umeme, mita inakata shilingi 1,500 za kodi ya jengo, yaani 18,000 kwa mwaka, na wenye ghorofa wanakatwa zaidi kwa kila sakafu. Mita haijawahi kuniambia niende ofisi nyingine. Tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bodaboda anazilipa, nami nikipanda namlipia. Ada ya taka tunakusanyiwa na kijana mwenye kitabu cha stakabadhi, ambaye hajakosa hata mwezi mmoja, mvua au jua. Kwenye kukusanya, ofisi zote zinaujua mtaa wetu vizuri sana.

6. Majibu.

Barua tatu, majibu ya maandishi sifuri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kumjibu aliyeomba. Barua yangu ya tatu iliomba taarifa moja tu: jina la ofisi inayowajibika na mtaro. Kama mtu wa masjala nakisia ilipo. Iliingizwa kwenye jalada, ikapewa namba, ikaandikiwa "Kwa Mhandisi, tafadhali shughulikia", Mhandisi akaandika "Si yetu, ipelekwe kwa wahusika", na hapakuandikwa wahusika ni akina nani. Jalada la namna hiyo halipotei. Linalala, na nimeyalaza mengi, Mungu anisamehe.

Najua tutakayoambiwa, kwa hiyo niyajibu kabisa niokoe nauli ya kurudi.

Tutaambiwa bajeti haitoshi. Hatukuomba lami. Kuzibua mtaro, kutoa matairi kwenye kalavati na kufunika chemba mbili si mradi wa mkopo wa nje. Halafu fedha zipo zinazotumika vibaya kwa kutumika wakati usiofaa. Mwaka huu greda lilikuja Aprili, katikati ya masika, likakwangua matope kutoka upande huu likayapeleka upande ule, na matope mengine yakaingia mtaroni. Lilikaa siku mbili, likaondoka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, masika yanaanza Machi na vuli Oktoba. Kazi ya mitaro inafanyika Agosti na Septemba, udongo ukiwa mkavu, na hili hata mkulima wa mpunga anakufundisha bila posho.

Tutaambiwa wananchi wenyewe ndio tunaotupa taka mtaroni. Ni kweli, wapo. Tumewataja kwenye mkutano wa mtaa, wengine wakanuna hadi leo hawanisalimii. Lakini gari la taka linapopita mara moja kwa wiki mbili, kisha linasimama juu kwenye lami kwa sababu ile ile ya barabara, mfuko wa taka una njia fupi na njia ndefu, na si kila mtu ana miguu ya kupanda.

Tutaambiwa tujitolee. Tulijitolea. Jumamosi mbili mfululizo tulichimba mtaro kwa majembe, wanaume kwa wanawake, Mwenyekiti wetu wa mtaa akiwa wa kwanza kuvua viatu. Mchanga tukaurundika kando ya barabara kama tulivyoelekezwa, tukaahidiwa lori la kuuzoa. Tulipiga simu, tukatuma watu. Wiki ya tatu mvua ikanyesha na kuurudisha mchanga wote ulikotoka. Tangu siku hiyo ukimwambia mtu wa mtaa huu "nguvu za wananchi" anakutazama tu.

Tutaambiwa tumejenga bondeni kiholela. Hapa wengine wetu hatuna la kubisha, walijenga mahali ambapo hata bata angesita. Lakini wengi tulikuwepo kabla ya barabara ya juu haijanyanyuliwa, na zoezi la urasimishaji lilipokuja tulichanga, tukapimiwa, bikoni zikawekwa. Huwezi kumpimia mtu kiwanja, ukamkata kodi ya jengo, kisha siku ya mafuriko ukasema hukujua anaishi pale.

Na tutaambiwa tusubiri awamu ya pili. Tutaisubiri. Ila mfuniko wa chemba hausubiri awamu.

Tunachoomba ni haya:

(a) Ndani ya siku 30, barua moja, yenye saini tatu: ya kwako, ya ofisi ya barabara na ya mamlaka ya maji. Iseme mtaro ni wa nani, kalavati ni la nani, chemba ni za nani, na simu ya kupiga kila kimoja kikiziba. Ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Tukipata hili peke yake, nusu ya barua hii nitaifuta.

(b) Ndani ya wiki mbili, mifuniko ya chemba. Tafadhali iwe ya zege. Ya chuma itaondoka tena, na safari hii msije mkatuuliza sisi.

(c) Kabla ya Septemba 30, mtaro na kalavati vizibuliwe na mchanga uzolewe siku hiyo hiyo, lori likiwa limesimama pale pale. Naandika sasa kipupwe, mtaro mkavu, hakuna kisingizio cha tope.

(d) Baraza la Madiwani lipokee mchoro na makadirio ya kuuendeleza ule mtaro wa zege kutoka mpaka wa kata hadi mtoni, na viingie kwenye bajeti ya mwaka wa fedha ujao kwa jina la mtaa, tuuone mstari wenyewe. Mstahiki Meya, hili lako.

(e) Uamuzi kuhusu ukuta wenye X. Ubomolewe, au upasuliwe njia ya maji chini yake, au tuambiwe kwa maandishi kwamba utabaki na maji yaelekezwe wapi.

(f) Mamlaka ya maji ituambie gharama na masharti ya kuunganisha nyumba zetu kwenye bomba linalopita mlangoni, na kama inawezekana kulipa kidogo kidogo pamoja na ankara ya maji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ina maneno mazuri ya "usafi wa mazingira" kwenye jina lake, na yalikusudiwa sisi pia.

Kwa upande wetu, wakazi waliotia saini wamekubali haya: kulinda mifuniko kwa zamu, kutoa watu 20 siku ya kuzibua, na kumtaja mbele ya mkutano wa mtaa atakayetapisha baada ya gari kuweza kufika. Nimependekeza faini ya kwanza ikitokea kwangu iwe mara mbili, na pendekezo lilipita kwa makofi mengi kuliko nilivyotarajia.

Nikumbushe pia kwamba vikao vya Baraza ni vya wazi. Kikao kijacho tutakuja, watu kumi tu, kwa utaratibu, tutakaa viti vya nyuma na hatutapiga kelele. Bibi mjane niliyemtaja kwenye hoja ya tatu ameomba awemo kati ya hao kumi. Miguu yake haiko sawa, kwa hiyo tunaomba mtu wa getini aarifiwe asimsimamishe sana juani.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu wa masjala, mkazi wa bondeni,
kwa niaba ya wakazi waliotia saini (karatasi tano zimeambatishwa).

Nakala kwa:
Diwani wa Kata
Mtendaji wa Kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Ofisi ya barabara ya wilaya
Mamlaka ya maji
Ubao wa matangazo, kijiwe cha kahawa
Bahasha ya kaki, juu ya kabati